Rangi Isiyochuja: Nguvu Iliyojificha Katika Bidhaa za India

Mwaka 1686 serikali ya Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa ilipiga marufuku vitambaa vya pamba vya maua vilivyokuwa vikiletwa kutoka India, na ikawakataza mafundi wa Ufaransa wenyewe kuviiga. Uingereza ilifuata mwaka 1700 kwa sheria ya kuzuia vitambaa hivyo visiuzwe nchini humo, na mwaka 1721 ikakaza zaidi kwa kukataza hata kuvivaa. Wafumaji wa sufu na hariri walikuwa wamekosa wateja, wakapiga kelele, na wabunge wakawasikia. Ufaransa ilishikilia katazo lake hadi mwaka 1759, na miaka yote hiyo watu waliendelea kuvinunua kwa magendo.

Chanzo cha ugomvi huo ni swali ambalo mwanamke yeyote wa Pwani hujiuliza anapoikunjua kanga mpya dukani: itachuja? Vitambaa vya India havikuchuja. Ulaya ilijua kutia rangi sufu, lakini kwenye pamba na kitani mafundi wake walikuwa wakipaka rangi juu juu, na nguo ikifuliwa maua yanafifia. Ya India ilifuliwa na kufuliwa tena, maua yakabaki. Wateja wa Paris na London walikuwa wakinunua uzuri, na ndani ya uzuri huo walikuwa wakinunua kemia.

Bidhaa za India leo husifiwa, na pengine hubezwa, kwa sababu ya bei nafuu. Anayezichunguza kwa karibu, kuanzia kitambaa cha chapa ya mkono hadi kidonge cha hospitali, huona kwamba unafuu ni tunda tu. Mzizi ni kuijua njia ya kutengeneza, hatua baada ya hatua, mpaka njia yenyewe ikawa mali kuliko kitu kinachotokana nayo.

Mahali pazuri pa kuliona jambo hili ni Kutch, wilaya kame ya jimbo la Gujarat inayopakana na Pakistan. Huko mafundi wa jamii ya Khatri huchapa kitambaa kiitwacho ajrakh, chenye nyota na maua yaliyopangwa kwa vipimo vya kihesabu, kwa buluu ya nili, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kwa karne nyingi kilivaliwa na wafugaji wa eneo hilo na wa Sindh, ng'ambo ya mpaka, kama kilemba, kama shuka ya begani au kiunoni kama kikoi. Kazi yake hupitia hatua 14 au zaidi, na hakuna hata moja iliyowekwa kwa mapambo.

Pamba kwa asili yake haishiki rangi kirahisi. Kwa hiyo kitambaa hufuliwa kwanza, kisha hulowekwa kwenye mchanganyiko wa samadi ya ngamia, magadi na mafuta ya mbarika, kikakandwa, kikaanikwa, na kazi hiyo ikarudiwa mpaka kitambaa kiweze kunyonya vizuri. Halafu hutiwa kwenye maji ya unga wa tunda liitwalo harda, lenye tanini nyingi, nacho hutoka na umanjano hafifu. Tanini hiyo ndiyo itakayoyashika madini yanayofuata.

Hapo huingia vibao. Ni vipande vya mti mgumu kama msaji, vilivyochongwa kwa mkono, na kila hatua ina kibao chake. Cha kwanza hupiga mistari ya chokaa iliyochanganywa na gundi ya mgunga. Ilipopita chokaa hapaingii rangi, na hapo ndipo patakapobaki peupe. Cha pili hubeba maji ya chuma. Vyuma chakavu hulowekwa pamoja na sukari guru kwa siku nyingi mpaka vichachuke, kisha maji yake hufanywa mazito kwa unga wa kokwa za ukwaju. Chuma kikikutana na tanini iliyomo kitambaani, mstari hugeuka mweusi. Cha tatu hubeba shabu, ile ile inayouzwa madukani ya kupaka kidevuni baada ya kunyoa. Shabu ikishapigwa karibu haionekani, na mgeni anayetazama anaweza kudhani kwamba fundi amechapa maji matupu.

Kisha, sehemu za shabu zikiwa zimefunikwa kwa udongo na gundi, kitambaa huzamishwa katika pipa la nili. Nili haiyeyuki katika maji ya kawaida. Lazima kwanza ichachushwe mpaka oksijeni iishe pipani, ndipo iyeyuke na kuwa na rangi ya kijani yenye umanjano. Kitambaa kikitolewa pipani ni kijani, na kadiri hewa inavyokigusa kinageuka buluu machoni pa watu. Nili iliyokwisha kukutana na oksijeni ndani ya uzi haiyeyuki tena, kwa hiyo haina njia ya kutoka.

Mwisho kitambaa huchemshwa na mizizi ya manjith, au siku hizi na alizarini, rangi ya mizizi iliyoigwa kiwandani. Palipopigwa shabu, na hapo peke yake, panakuwa pekundu. Maua ambayo hayakuwapo kwa macho yanajitokeza ndani ya sufuria, kwa sababu chembe za rangi zimejifunga kwenye aluminiamu ya shabu, na aluminiamu imejifunga kwenye pamba. Sabuni haina pa kuingilia. Maarifa haya yaligunduliwa, yakajaribiwa na kurithishwa bila maabara hata moja, na ni haki kuyaita sayansi.

Ni sayansi ya zamani sana. Kipande cha pamba kilichotiwa rangi ya mizizi ya namna hiyo kilichimbuliwa Mohenjo-daro, mji uliostawi zaidi ya miaka 4,000 iliyopita katika Pakistan ya leo. Vipande vya vitambaa vya chapa kutoka Gujarat vilifukuliwa pia Fustat, Misri, na vingi vimehifadhiwa katika makumbusho ya Ashmolean mjini Oxford. Na Ulaya, hata katika miaka ya katazo, ilitamani kuijua njia yake. Mwaka 1742 padri Mjesuiti Gaston-Laurent Coeurdoux, aliyekuwa akihudumu kusini-mashariki mwa India, aliwahoji mafundi wa rangi waliokuwa waumini wake, akaandika barua ndefu kwenda Ufaransa akieleza hatua moja baada ya nyingine. Siri ilitoka kwa mafundi hao, na viwanda vya Ulaya vilivyoitumia vilitajirika.

Tarehe 26 Januari 2001 tetemeko kubwa la ardhi liliikumba Kutch na kukibomoa kijiji cha Dhamadka, kitovu cha ajrakh. Nyumba zingejengwa upya. Lililotishia kazi yenyewe ni maji, kwa sababu baada ya tetemeko visima viligeuka na chuma kikazidi ndani yake, na chuma kikiwa mahali pasipo pake hutia uchafu katika nyekundu na kuipeleka kwenye kahawia. Sehemu ya mafundi wakahamia karibu na mji wa Bhuj na kuanzisha makazi waliyoyaita Ajrakhpur. Aliyekuwa mstari wa mbele ni Ismail Mohammad Khatri, ambaye mwaka 2003 alitunukiwa udaktari wa heshima na Chuo Kikuu cha De Montfort cha Leicester, Uingereza. Heshima hiyo ilimstahili.

Kutch si ugenini kwa watu wa Pwani. Kutoka bandari yake ya Mandvi majahazi yalishuka na kaskazi hadi Unguja, na Jairam Shivji, tajiri wa nyumba ya biashara ya huko, aliishika forodha ya Zanzibar katika enzi ya Seyyid Said. Kaniki, shuka ya nili iliyovaliwa mwambao na bara, ilikuja kutoka magharibi mwa India. Merikani, kitambaa kilichotoka Massachusetts, ilipotamba sokoni katika karne ya 19, vitambaa vya India vilirudi nyuma. Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, vikakata ugavi, na baada yake viwanda vya mashine vya Bombay vikajipatia nafasi.

Hadi leo kanga nyingi zinazouzwa Mombasa, Dar es Salaam na Unguja huchapwa India, na mji wa Jetpur, huko huko Gujarat, ni mmoja wa vitovu vya kazi hiyo. Mitindo na majina hutoka huku. Nyumba ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, yenye chapa ya Mali ya Abdulla, imekuwa katika biashara hiyo tangu 1887. Lakini kanga ya Jetpur haina undugu wa karibu na ajrakh. Ni kazi ya haraka, ya fremu na rangi za kemikali, na maji machafu ya viwanda vya rangi yameuharibu mto Bhadar, ambao wakulima wa huko waliutegemea. Mama anayechagua doti ya harusi Tanga hana kosa, lakini ana haki ya kujua kwamba sehemu ya bei ya doti hiyo imelipwa na mto wa watu wengine.

Kwa anayetaka kununua chapa halisi ya mkono, dalili zipo. Ageuze kitambaa atazame nyuma, kwa kuwa rangi ya kuchovya hupenya hadi upande wa pili na ya fremu mara nyingi hubaki juu. Afuate mpaka wa ua mmoja na jingine, kwa sababu kibao kinapohamishwa huacha mshono mdogo, mahali pengine mistari ikigusana na pengine ikipishana kidogo. Kitambaa kisicho na kasoro hata moja kwa urefu wa mita tano kimepita kwenye mashine.

Kufuma nako kuna watu wake, na ni wengi ajabu. Sensa ya India ya ufumaji wa mkono ya mwaka 2019-20 ilihesabu watu zaidi ya milioni 3.5 wanaoishi kwa kazi hiyo na kazi zinazoizunguka, wengi wao wanawake. Kitambaa chao mashuhuri zaidi ni khadi, kinachofumwa kwa mkono kwa nyuzi zilizosokotwa kwa mkono, ambacho Mahatma Gandhi alikifanya silaha dhidi ya nguo za viwanda vya Uingereza. Baada ya uhuru, kanuni zilitaka bendera ya taifa ishonwe kwa khadi, na kituo cha wafumaji cha Hubballi katika jimbo la Karnataka kikapata riziki yake hapo. Mwishoni mwa mwaka 2021 kanuni zikalegezwa, poliesta ya mashine ikaruhusiwa. Wafumaji walilalamika, na walikuwa na kila sababu ya kulalamika.

Kuna kinga ya kisheria, japo si kamili. Tangu mwaka 2003 India inatumia sheria ya alama za asili ya kijiografia, inayosema kwamba jina la bidhaa ni mali ya watu wa mahali inapotoka. Chai ya Darjeeling ilikuwa ya kwanza kuandikishwa. Makubazi ya ngozi ya Kolhapur yaliandikishwa mwaka 2019. Juni 2025 kampuni ya Prada ilionyesha mjini Milan makubazi yaliyofanana nayo bila kutaja yalikotoka, mafundi wa Maharashtra wakapaza sauti, na kampuni hiyo ikakiri kwamba wazo lilitoka kwa kazi yao. Alama ya kijiografia hulinda jina zaidi kuliko umbo, kwa hiyo kilichowasaidia mafundi hao kilikuwa zaidi ni kelele za umma.

Ufundi wa mkono haukuishia kwenye nguo. Mwaka 1968, katika hospitali ya Sawai Man Singh mjini Jaipur, fundi aitwaye Ram Chandra Sharma alishirikiana na daktari wa mifupa P. K. Sethi kutengeneza mguu wa bandia wa mpira. Miguu iliyokuwa ikitoka nchi za Magharibi ilihitaji kiatu, na mwenye nao hakuweza kuchuchumaa, kukaa mkekani wala kutembea kwenye tope la shamba. Sharma hakuwa na elimu ya kutajika, lakini alijua mpira na kalibu. Mguu wao ulikuwa na umbo na rangi ya mguu wa mtu, ulikunjika, na ulitembea bila kiatu. Sethi alipata tuzo ya Magsaysay mwaka 1981, na shirika la hisani lililoanzishwa Jaipur mwaka 1975 limeendelea kuwafunga watu miguu hiyo bure, ndani ya India na katika kambi za nchi nyingine, za Afrika zikiwemo.

Bajaji hazihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa Dar es Salaam. Kampuni ya Bajaj ilianza kuunda pikipiki za Vespa kwa leseni ya Piaggio ya Italia kuanzia mwaka 1960, na leseni ilipokwisha mwaka 1971 haikufunga lango, kwani mafundi wake walikuwa wameshaijua kazi. Pikipiki zake za Boxer zinazobeba abiria na magunia kuanzia Kigoma hadi Gulu zina injini sahili ya kupozwa kwa hewa, ambayo fundi wa kijijini huifungua na kuifunga chini ya mwembe.

Mahali ambapo ujuzi wa njia uligeuka kuwa suala la uhai na kifo ni dawa.

India ilipopata uhuru ilirithi sheria ya hataza ya kikoloni. Soko la dawa lilishikwa na kampuni za nje na bei zilikuwa juu. Jaji N. Rajagopala Ayyangar alipewa kazi ya kuichunguza sheria hiyo, akatoa ripoti mwaka 1959, na kutokana nayo Bunge likapitisha Sheria ya Hataza ya 1970, iliyoanza kutumika mwaka 1972. Kwa dawa, sheria hiyo ilikataa kumpa mtu hataza ya kitu chenyewe. Kilichoweza kulindwa ni njia ya kukitengeneza, tena kwa miaka michache. Aliyebuni njia nyingine ya kufikia molekuli ile ile alikuwa huru kuiuza.

Sheria peke yake haitengenezi kidonge. Ilikuta wanakemia. Serikali ilikuwa imeanzisha kampuni ya dawa ya IDPL, na kiwanda chake cha Hyderabad kikawa chuo kisicho rasmi cha kizazi kizima. Kallam Anji Reddy, aliyeanzisha kampuni ya Dr. Reddy's mwaka 1984, alipitia IDPL. Wanakemia hawa walijifunza kuchukua molekuli inayojulikana na kutafuta njia fupi zaidi, yenye hatua chache na malighafi rahisi, ya kuifikia. Hapo ndipo unafuu wa dawa za India ulipozaliwa.

Februari 2001 kampuni ya Cipla ya Mumbai, chini ya Yusuf Hamied, ilitangaza kwamba ingeliuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka mchanganyiko wa dawa tatu za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka. Bei ya dawa hizo wakati huo ilikuwa kati ya dola 10,000 na 15,000. Cipla iliziweka zote tatu katika kidonge kimoja, jambo ambalo wenye hataza hawakuweza kulifanya kirahisi kwa kuwa kila dawa ilikuwa mali ya kampuni tofauti. Familia za Afrika Mashariki zilizozika watu katika miaka ya tisini zinajua tangazo hilo lilikuwa na maana gani. Bei iliendelea kushuka. Mwaka 2023 Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria ulitangaza kwamba tiba ya kawaida ya mwaka mzima imefika chini ya dola 45, na wengi wa watengenezaji wake wako India.

Mwaka 2005 India ilibadili sheria ili itimize masharti ya Shirika la Biashara la Dunia, na hataza za dawa zenyewe zikarudi. Bunge liliacha kizuizi kimoja cha busara, kifungu cha 3(d), kinachokataa hataza mpya kwa mabadiliko madogo yasiyoongeza nguvu ya tiba. Kampuni ya Novartis ilikipinga kwa ajili ya dawa yake ya saratani, Glivec, na Mahakama ya Juu ikaikatalia tarehe 1 Aprili 2013.

Sifa hizi hazifuti doa. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya dawa nne za maji za watoto zilizotengenezwa India na kuuzwa Gambia, zilizokutwa na kemikali zenye sumu kwa kiasi kisichokubalika. Watoto wapatao 70 walifariki kwa figo kushindwa kufanya kazi. Kujua njia bila kupima kila malighafi inayoingia kiwandani ni hatari, na mamlaka ya nchi inayonunua haiwezi kuliachia jukumu hilo taifa linalouza.

Uganda ilichagua kujifunza kutengeneza. Kiwanda cha Luzira, Kampala, kilichojengwa na kampuni ya nchini humo kwa ubia na Cipla, kilifunguliwa mwaka 2007 kutengeneza dawa za UKIMWI na malaria, na mwaka 2023 Cipla ikauza hisa zake huku kiwanda kikiendelea na kazi. Nchi nyingine zina nafasi kama hiyo kwa mujibu wa sheria. Uamuzi wa Shirika la Biashara la Dunia wa mwaka 2015 unaziruhusu nchi zenye maendeleo duni kutolazimika kulinda hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo katika kundi hilo, maadamu hazijapandishwa daraja, lakini Kenya haimo. India ilitumia zaidi ya miaka 30 kati ya 1972 na 2005 kusomesha wanakemia wake. Wanaopanga bajeti za viwanda na za vyuo vya famasia Dodoma, Kampala na Kigali waihesabu tarehe hiyo tangu sasa, kwa sababu mwanakemia mzuri hapatikani kwa mwaka mmoja.